Mzee Phiri, Mkulima Aliyeipokea Mvua



Mwezi huu somo letu si la mbegu wala dawa ya mifugo. Ni somo la maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mkulima mdogo kama sisi. Shamba lake lilikuwa la eka 7 na nusu hivi, juu ya mteremko mkavu. Alikuwa na jamaa ya kulisha, na hakuwa na fedha za kununua pampu wala za kuchimbiwa kisima kirefu kwa mashine. Tangu mwaka 1964 hata alipofariki mwaka 2015, yaani miaka hamsini na zaidi, shamba hilo ndilo lililokuwa kazi yake. Jina lake ni Zephaniah Phiri Maseko, na nchi yake ni Zimbabwe.

Tumemchagua yeye kwa sababu shida yake twaijua. Katika skimu nyingi za sehemu kavu mkulima hutegemea mvua peke yake. Mvua yenyewe huja kwa kishindo siku chache, kisha huondoka. Asubuhi yake barabara imechimbika, mto umekuwa mwekundu kwa udongo wa mashamba yetu, na baada ya majuma mawili mahindi yanakunja majani. Hapo sisi husema, "Mwaka huu mvua haikutosha." Mzee Phiri aliuliza swali lingine: ile iliyonyesha imekwenda wapi?

Somo hili lafaa kusomwa kwa sauti nyumbani, au katika mkutano wa chama. Mwisho wake kuna maswali ya kuzungumza pamoja.

MAISHA YAKE KWA KIFUPI

Phiri alizaliwa mwaka 1927, wakati nchi yake ilipoitwa Rhodesia ya Kusini. Alipokuwa mtoto mdogo, mwaka 1930, serikali ya walowezi ilitunga sheria ya kugawa ardhi. Nusu ya nchi, na ile iliyo njema zaidi, ikawekwa kwa ajili ya wazungu wachache, na Waafrika walio wengi wakasongamana katika rizavu. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Wazee wetu waliliona kwa macho. Shamba la akina Phiri lilikuwa upande wa Zvishavane, katika nchi kavu ya kusini.

Kama vijana wengi wa siku zile, Phiri alikwenda kutafuta mshahara, akaajiriwa katika reli. Lakini alikuwa pia mtu wa siasa, aliyetaka nchi yake iwe huru. Mwaka 1964 alifukuzwa kazi kwa sababu hiyo, akaambiwa kwamba hataandikwa kazi tena. Nyumbani walikuwa watu wanane wenye kuhitaji chakula. Akatazama alichobaki nacho, akaona vitu viwili tu: shamba la jamaa, lililochoka kwa kulishwa mifugo kupita kiasi, na Biblia.

Akasoma katika kitabu cha Mwanzo habari za bustani ya Edeni, jinsi Adamu na Hawa walivyopata humo kila walichohitaji. Akaamua kwamba yeye naye atafanya Edeni yake. Kisha akaona kasoro moja. Edeni ilikuwa na mito, na shambani kwake hapakuwa hata na kijito. Basi ikambidi aifanye na mito pia. Maneno hayo yaweza kuwachekesha watu, lakini yeye na jamaa yake waliyatimiza kwa jembe, sururu na mikono yao.

Taabu haikumwacha. Wakati wa vita vya ukombozi alikamatwa, akateswa, akafungwa pingu za miguu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 aliendelea na kazi yake bila kizuizi. Katika miaka hiyo ya 1980 alianzisha chama cha Zvishavane Water Project, kiwasaidie wakulima wengine kupata maji. Mwaka 2000 kilitolewa kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na Mary Witoshynsky. Mwaka 2006 alipewa tuzo ya National Geographic Society na Buffett kwa uongozi katika kuhifadhi mali ya asili ya Afrika. Alifariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 88 hivi.

ALIANZA KWA KUTAZAMA

Mvua ikianza kunyesha, watu wengi hukimbilia ndani. Phiri alitoka nje. Alitaka kuona maji yanaingilia wapi shambani, yanapita njia gani, na yanatokea wapi.

Akaona jambo dogo ambalo kila mmoja wetu amelipita mara nyingi. Upande wa juu wa jiwe, au wa shina la nyasi, udongo ulikaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua. Mahali patupu palikauka mara moja. Tena pale penye jiwe palikuwa na tope laini lililokwama, na majani makavu, na ndani yake mbegu zilikuwa zimeota zenyewe. Hapakuwa na uchawi hapo. Jiwe lilikuwa limeyapunguzia maji mwendo, na maji yaendayo polepole hupata nafasi ya kuingia ardhini.

Kwa jambo hilo moja alijenga kazi yake yote. Aliona kwamba asipoyasimamisha maji, yatapita pamoja na udongo na mbolea, wala hayatamwachia kitu ila makorongo. Akiyapunguzia mwendo, yatazama. Yakizama, yatakaa chini kama akiba, mahali ambapo jua haliyapati.

TUTEMBEE SHAMBANI MWAKE

Shamba lake lililala chini ya kilima chenye mwamba mkubwa mtupu. Mvua ilipopiga mwamba huo haikuwa na pa kuingia, kwa hiyo maji yote yalishuka shambani kwa nguvu. Mtu mwingine angeuita mwamba huo balaa. Phiri aliufanya kuwa paa la kukingia maji. Tushuke naye kutoka juu mpaka chini, kwa maana hiyo ndiyo njia ya maji yenyewe.

Kwanza, juu kabisa, alipanga kuta fupi za mawe bila saruji, akizilaza kukata mteremko. Kuta hizo hazikuyazuia maji kabisa. Yalipita katika nafasi za mawe, lakini kwa adabu.

Pili, chini ya mwamba, alichimba malambo mawili ya udongo. Lile kubwa alipenda kulifananisha na ofisi ya mpakani ambapo wageni wanaoingia nchini hupokewa. Hapo maji yalikaribishwa, kisha yakaelekezwa mahali pa kuishi, yaani ndani ya udongo. Hakulipaka saruji chini, kwa sababu alitaka maji yazame. Alikuwa na hesabu yake: lambo likijaa na kuzama mara tatu katika msimu mmoja, basi ardhini mna akiba ya kumtosha miaka miwili. Lile dogo lilipeleka maji kwa bomba fupi mpaka tangi lililo nyumbani, na tangi jingine lilipokea maji ya paa. Kwa matangi hayo bustani ya uani ilinyweshwa wakati wa kiangazi.

Tatu, katika mashamba yenyewe, palikuwa na mitaro mikubwa iliyochimbwa zamani kwa amri ya serikali ya kikoloni. Mitaro hiyo ilikusudiwa kuzuia mmomonyoko, lakini ilikuwa na kasoro: iliyachukua maji na kuyatoa nje ya shamba. Katika nchi yenye mvua nyingi hilo lafaa, lakini katika nchi kavu ni kufukuza mali. Phiri hakuifukia. Alichimba ndani yake mashimo marefu, yenye kina, moja baada ya jingine. Maji yalijaza shimo la kwanza, yakafurika kwenda la pili, kisha la tatu. Mvua ikiisha, mashimo yaliendelea kutoa maji polepole kwa mimea iliyo chini yake. Kando ya mashimo alipanda miti ya matunda, miti ya mbao, na nyasi za kuezekea. Hata leo wataalamu wengi huyaita mashimo hayo kwa jina lake.

Nne, karibu na mwisho wa shamba, alichimba visima kwa mkono. Majirani walipoona visima vyao vikikauka, vyake mara chache vilikauka. Sababu yake ni rahisi. Kila mwaka aliingiza ardhini maji mengi kuliko aliyoyateka. Mtu mwenye kitabu cha akiba ya benki ataelewa: ukitoa kuliko unavyoweka, siku moja karani atakurudishia kitabu mikono mitupu.

Tano, chini kabisa, mahali pa majimaji, palikuwa na mabwawa yenye samaki, na kandokando migomba, miwa na matete. Mizizi ya mimea hiyo ilishika kingo na kuchuja mbolea isipotee. Hivyo tone lililoanguka juu ya mwamba lilitumika mara tano au sita kabla ya kuondoka katika eka zile 7 na nusu.

Hakupanda mahindi peke yake. Alikuwa na maharage, mbaazi, maboga, vitunguu, nyanya, mboga za majani, maembe, mapera, mapapai na miti ya matunda ya kienyeji. Mwaka wa ukame ukiua kimoja, kingine kilisalia. Chakula cha jamaa hakikutegemea mmea mmoja.

HESABU YA MVUA

Wengine watasema, "Kwake labda mvua ilikuwa nyingi." Sivyo. Mvua ya huko ni kama inchi 22 kwa mwaka, yaani milimita 560 hivi, na hiyo ni wastani. Miaka mingi ilikuwa chini sana ya hapo. Sehemu nyingi kavu za Kenya hupata kiasi kama hicho au zaidi.

Sasa tupige hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Mvua ya inchi moja ikinyesha juu ya eka moja, maji yake ni lita 100,000 na zaidi. Tuseme debe moja ni lita 20. Basi ni madebe 5,000 na zaidi, katika eka moja, kwa mvua ya inchi moja. Fikirini mama anayebeba debe moja kutoka mtoni, safari mbili kwa siku. Ingemchukua miaka karibu saba kubeba maji yaliyoanguka katika eka moja ya shamba lake alasiri moja.

Shamba lote la Phiri, kwa mwaka wa inchi 22, lilianguikiwa na lita karibu milioni 17, bila kuhesabu yale ya mwambani. Hayo yote yalikuwa yake bila malipo, iwapo angeyashika. Mkulima anayengoja mradi wa bomba anangoja jambo jema, na ni haki yake kuuomba. Lakini wakati anapongoja, mali kubwa kuliko bomba inapita mlangoni mwake kila msimu na kwenda na udongo wake.

Tutazame paa pia. Nyumba ya mabati ya futi 30 kwa 20 hupokea lita 1,400 hivi kwa kila inchi ya mvua, yaani madebe 70. Bila mifereji, madebe hayo huanguka ukutani na kuharibu msingi.

ALIPOSHITAKIWA

Mkulima huyu alipata pia shida na sheria. Serikali ya wakati ule ilikataza kulima mahali pa majimaji, kwa hofu ya kukausha mabonde na kuharibu kingo za mito. Phiri alishitakiwa kwa kuvunja sheria hiyo. Yeye hakukimbia wala hakutukana. Alimwomba hakimu aje aone. Hakimu alipofika aliona mahali palipo na maji mengi kuliko zamani, na udongo umeshikwa vema. Kesi ikaondolewa.

Tusiifanye hadithi hiyo kuwa ruhusa. Nchini kwetu ardhi oevu na kingo za mito zinalindwa na sheria, na ni vema zilindwe, kwa maana mahali pengi palipolimwa mpaka ukingoni mto umekufa. Mafundisho ya kesi ile ni mengine. La kwanza, kazi njema inaweza kujitetea yenyewe mbele ya macho ya mtu mwadilifu. La pili, amri iliyotungwa ofisini yafaa ipimwe shambani.

Wazee wetu wanalijua hilo. Mnamo miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta kwa amri, na mwaka 1948 akina mama walitoka kwa wingi kukataa. Matuta hayakuwa kitu kibaya. Kilichochukiza ni kulazimishwa. Lakini huko Machakos, wakulima walipojichagulia wenyewe matuta ya fanya juu, waliyachimba kwa miaka mingi, wengi wao kwa vikundi vya mwethya, mpaka vilima vilivyokuwa vitupu vikashika kijani. Kazi ambayo mtu ameielewa hudumu hata msimamizi akiondoka.

JAMAA YAKE NA JIRANI ZAKE

Kuna wakulima hodari ambao ujuzi wao huzikwa pamoja nao. Phiri hakuwa wa namna hiyo. Kazi ya kuchimba aliifanya na jamaa yake, na watoto walikua wakijua kwa nini kila shimo lilichimbwa pale lilipo. Hii ni tofauti na desturi yetu nyingine mbaya, ya kumtuma mtoto shambani kama adhabu, kisha kushangaa akikua anakimbilia mjini. Mtoto aliyeonyeshwa jinsi maji yanavyopita, na akaulizwa, "Wewe ungeyakinga wapi?", amepewa sehemu ya shamba hata kabla ya kurithi.

Neno hili latugusa sisi watu wa skimu. Mashamba yaliyogawiwa wazee wetu tangu mwaka 1962 na kuendelea mengi yamekwisha kugawanywa kwa wana, na sasa kwa wajukuu. Tuseme mzee alipewa eka 15, akawa na wana watano. Kila mmoja ana eka 3. Hatuwezi kuzirefusha eka hizo kwa kugombana mbele ya chifu. Twaweza tu kuzifanya zizae zaidi. Ndugu wengi hawaneni kwa ajili ya mpaka wa hatua mbili, na huku udongo wa pande zote mbili unashuka mtoni kila mvua, wala hakuna anayeushitaki.

Kwa jirani zake Phiri alikuwa mwalimu asiyelipwa. Aliyetaka kuona alionyeshwa. Watu walikuja kutoka vijijini, kutoka mashuleni, kutoka ofisi za serikali, na kutoka nchi za mbali. Mwaka 1995 alifika Mmarekani kijana, Brad Lancaster, mtu wa Tucson katika jimbo la Arizona, ambako ni jangwa. Aliporudi kwao alianza kuvuna mvua nyumbani kwake, akaandika vitabu vinavyosomwa mahali pengi, na ndani yake akamtaja mzee huyu kuwa mwalimu wake. Basi mkulima wa eka 7 na nusu, aliyefukuzwa kazi na kuambiwa hafai, alikuja kuwafundisha watu wa nchi tajiri jinsi ya kuishi na mvua haba.

Tena maji yenyewe hayajui mpaka. Maji yaliyozama kwa mtu wa juu huja kutokea kisimani kwa mtu wa chini. Yaliyokimbia kwa mtu wa juu huja kuchimba korongo kwa mtu wa chini. Kwa hiyo anayetunza mteremko wake amemfaa jirani, apende asipende. Na asiyeutunza amemdhuru, hata kama wanasalimiana kila asubuhi.

SISI TUFANYE NINI?

Kazi ya Phiri ilichukua miaka mingi. Hakuna atakayeimaliza kwa msimu mmoja. Lakini twaweza kuanza hivi:

1. Tazama kwanza. Mvua ijayo, vaa koti au jifunike gunia, toka nje pamoja na watoto. Weka vijiti mahali maji yanapoingilia shambani, yanapokimbia, na yanapotokea. Kazi hii haina gharama.

2. Anza juu. Maji yakiwa juu bado ni machache na dhaifu, hata mtoto aweza kuyageuza. Yakifika chini yamekwisha kuwa jeshi. Wengi wetu hupoteza nguvu kupigana na korongo chini, na chanzo chake kiko juu.

3. Pima usawa wa mteremko. Chukua fito mbili za urefu mmoja, kama futi 7, zifunge pamoja juu, ziachane chini kama herufi A. Funga ufito wa tatu katikati. Toka juu ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha chombo chako, tia alama pale uzi unapokata ufito wa katikati. Geuza miguu, wa kulia uwe mahali pa wa kushoto, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembea nacho shambani, ukipigilia kigingi kila mahali uzi unapoangukia katikati. Mstari wa vigingi ndio njia ya kuchimbia.

4. Chimba fanya juu. Mtaro uwe wa futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, na udongo urushwe upande wa juu uwe tuta. Panda mabingobingo juu ya tuta, upate na chakula cha ng'ombe. Miaka ikipita, udongo utajikusanya nyuma ya tuta na shamba litakuwa ngazi.

5. Ongeza mashimo ndani ya mtaro. Kwa kuanzia yatosha shimo la urefu wa futi 6, upana wa futi 3, na kina cha futi 3. Acha nafasi kati ya shimo na shimo. Panda ndizi, mpapai au mwembe upande wa chini, mahali mizizi itakapofuata unyevu.

6. Funika udongo. Mabua na majani makavu yasichomwe moto. Yatandazwe kati ya mistari, yazuie jua na kupunguza nguvu ya matone. Samadi itiwe shimoni mwa mmea, isiachwe bomani ikioshwa na mvua.

7. Tia mifereji katika paa la mabati, hata upande mmoja tu, na chini yake pipa au tangi kwa kadiri ya uwezo wako.

8. Semezana na jirani wa juu na wa chini kabla ya kuchimba. Maji ya ziada yafurikie wapi? Mkikubaliana mapema hamtahitaji kupatanishwa baadaye.

Na tahadhari ni hizi. Usichimbe karibu na msingi wa nyumba wala choo. Shimo lenye kina liwekewe uzio, watoto na ndama wasitumbukie. Shimo linaloshika maji zaidi ya juma moja huzaa mbu. Lichimbwe tena lipate kuzama, au kama ni bwawa, litiwe samaki. Mteremko mkali sana wenye udongo mzito ukishiba maji waweza kuporomoka. Hapo panda miti, wala usichimbe kabla ya kumwona afisa wa kilimo. Naye umwone pia kabla ya kugusa mahali pa majimaji au ukingo wa mto.

MWISHO

Mzee Phiri hakuacha majumba mjini. Aliacha shamba lenye maji mahali palipokuwa pakavu, watoto waliojua kazi yake, na wakulima wengi waliojifunza kwake na wanaoendelea kuwafundisha wengine. Hakuna hata kimoja katika hivyo alichokipata haraka. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mkulima kibaba hicho kiko chini ya miguu yake.

Msimu wa mvua hauko mbali. Yule atakayechimba mtaro mmoja tu mwaka huu, na mmoja mwaka ujao, baada ya miaka kumi atakuwa na mitaro kumi, nao watoto wake hawatauliza maji yalikwenda wapi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika shamba lenu, maji ya mvua huingilia wapi na kutokea wapi? Ni nani katika nyumba aliyewahi kuyafuata?

2. Kwa nini mitaro ya zamani haikumfaa Phiri mpaka alipoongeza mashimo? Je, iko mitaro ya namna hiyo katika skimu yenu?

3. Pigeni hesabu: shamba lenu ni la eka ngapi, na mvua ya inchi moja huwapa madebe mangapi?

4. Wazee wa Murang'a walikataa matuta, na watu wa Machakos wakayapenda. Ni nini kilicholeta tofauti hiyo? Tufanyeje ili kazi ya chama chetu isiwe ya kulazimishana?

5. Ni ujuzi gani wa shamba ulio nao wewe, ambao mtoto wako bado hajaupata? Utamwonyesha lini?